Tumuulizie Asiyeonekana: Somo Nililolipata Kwenye Mishipa ya Limfu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri na akamwekea ndani ya mwili wake walinzi asiowaona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, amiri wetu aliniomba niandike neno kwa ajili ya toleo hili. Kwa kuwa nasoma udaktari, mwaka wa nne, alitaraji niandike kuhusu afya. Nitafanya hivyo inshallah, lakini nitaanza na kosa langu, maana bila kosa hilo somo lenyewe lingebaki kwenye daftari langu kama mengine mengi niliyoyakariri kwa ajili ya mtihani.

Alikuwako ndugu yetu mmoja hapa chuoni Kampala. Nitamwita Yusufu, ingawa si jina lake. Mwenyewe ameyasoma maneno haya kabla hayajachapishwa na ameniruhusu niyaseme. Yusufu hakuwa kiongozi wa kamati yoyote wala msemaji katika mihadhara. Kazi yake, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kufika siku ya Ijumaa saa tano na nusu kabla ya watu, kutandika majamvi na kupanga viatu vilivyoachwa ovyo mlangoni. Alfajiri, katika chumba cha sala cha hosteli yetu, mara nyingi yeye ndiye aliyeadhini. Akimaliza alipita akigonga milango ya sisi wazito wa kuamka.

Kisha akawa haonekani. Wiki ya kwanza tuliulizana kwa mzaha nani atatandika majamvi. Wiki ya pili tukayatandika wenyewe. Wiki ya tatu tulikuwa tumezoea. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa halaqa yake, na jina lake lilikuwa kwenye daftari langu pamoja na majina mengine 13. Nilimpigia simu mara moja, haikupokelewa. Nikasema moyoni, huyu naye dunia imeshamchukua. Ilipofika siku ya kusafisha kundi letu la WhatsApp kwa kuwaondoa wasiojibu, jina lake nililiondoa kwa kidole changu mwenyewe, kisha nikaendelea kula chapati yangu.

Mwezi mmoja baadaye askari wa getini, mzee ambaye si Mwislamu, alinisimamisha nikiwa naingia. Akaniambia, "Mwanangu, yule mwenzenu anayewaamsha alfajiri ni mgonjwa. Mimi humpelekea chai. Nyinyi watu wake mbona hamji?"

Nilikosa jibu. Begani nilikuwa na mfuko wa vitabu, maana nilikuwa nimetoka darasani muda huohuo, na somo la siku ile lilikuwa mfumo wa limfu.

Niruhusuni nieleze kidogo tuliyofundishwa, kwa sababu yana uhusiano na swali la mzee yule.

Wengi wetu tunaijua damu. Tunajua kwamba moyo huisukuma, inakwenda kwa mishipa na kurudi. Lakini damu haizunguki bila kupungua njiani. Inapofika kwenye mishipa myembamba kabisa, myembamba kuliko unywele, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katikati ya chembe za mwili, ikizifikishia chakula. Uvujaji huu si ugonjwa. Ndiyo njia chembe zinavyopata riziki yake. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi yenyewe kwenye mishipa ya damu. Ila hubakia kiasi, ambacho vitabu vyetu hukikadiria kuwa lita 3 hivi kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na protini zilizoponyoka ambazo haziwezi kurudi kwa njia zilizotokea. Sasa damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Kama kiasi hicho kingekuwa kinapotea kila siku bila kurudishwa, katika siku chache tu mwili ungevimba na moyo ungekosa cha kusukuma.

Basi Mwenyezi Mungu ameweka njia ya pili, mishipa ya limfu, iliyotandazwa karibu mwili mzima. Huanza kama vijifereji vilivyozibwa upande mmoja, na kuta zake zimepangwa kama vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Maji yakijaa nje, vilango husukumwa vikafunguka. Yakishaingia, vilango hujifunga. Maji hayo sasa huitwa limfu. Vijifereji huungana vikawa mishipa, mishipa midogo huungana ikawa mikubwa, mpaka mfereji mkuu unaopanda kifuani na kumwaga limfu kwenye mshipa wa damu ulio chini ya shingo, upande wa kushoto. Mfereji mwingine mfupi hufanya kazi hiyohiyo upande wa kulia. Kwa njia hiyo kilichovuja hurudi kwenye damu, na huenda usiku na mchana bila sisi kujua.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba njia hii haina moyo wake. Kuta za mishipa yenyewe hujikaza kidogo kidogo, lakini msaada mkubwa hutoka kwa majirani. Misuli ya miguu huibana tunapotembea. Kifua huivuta kinapopanda na kushuka kwa pumzi. Ndani yake kuna vali zinazozuia limfu isirudi nyuma. Ndiyo maana ukikaa kwenye basi kutoka Arua hadi Kampala bila kunyoosha miguu, viatu hukubana unaposhuka. Limfu haiwezi kurudi kama viungo vilivyo jirani vimelala.

Hapa Uganda tumeyaona yanayotokea njia hii inapoharibika. Mwaka 2015 katika wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa nchi, wataalamu wa afya waliwachunguza watu waliovimba miguu kama wenye matende. Haikuwa matende inayoletwa na minyoo ya mbu, ile inayojulikana sana pwani. Ilikuwa podokoniosisi. Mtu hulima na kutembea pekupeku miaka mingi kwenye udongo uliotokana na volkano, chembe ndogo ndogo za udongo hupenya ngozi ya nyayo, na taratibu njia za limfu huharibika. Ndugu zetu wa Rwanda wanaujua ugonjwa huu pia, wao huuita imidido. Kinga yake ni viatu na kuosha miguu kwa maji na sabuni. Mguu wa mgonjwa huyo haukukosa damu ya kuulisha. Ulikosa njia ya kukirudisha kilichotoka, ukavimba, ukawa mzito, na mwenyewe akaanza kujificha asionekane na watu.

Lakini mishipa ya limfu hairudishi maji tu. Bakteria au virusi vikiingia mwilini, navyo huweza kusombwa na maji hayo. Kama limfu ingemwagwa moja kwa moja kwenye damu, kila mwiba wa kidoleni ungekuwa hatari ya kifo. Kwa hiyo njiani vimewekwa vituo. Anayesafiri kwenda Malaba anajua vizuizi vya polisi, kila gari hupunguza mwendo na kutazamwa. Vituo vya mwili ni tezi za limfu, nyingi ndogo kama punje za maharage, na mtu mmoja ana kama 500 hadi 600. Zimekusanyika shingoni, kwapani, kwenye kinena, kifuani na tumboni. Mafindofindo ya koo ni ndugu zao, na bandama ni kituo kinachokagua damu yenyewe.

Ukichomwa mwiba kidoleni, chembe za doria zilizo ngozini humeza baadhi ya wavamizi, huchukua vipande vyao na kusafiri navyo ndani ya limfu hadi tezi ya kwapani. Huko kuna limfositi, aina ya chembe nyeupe, nyingi mno, na kila moja imeumbwa kutambua alama yake. Nyingi hukitazama kipande kile na kupita. Ile inayokitambua husimama na kuanza kujigawa, moja zikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka likapatikana jeshi. Baadhi yake huziua chembe za mwili zilizokwisha kutekwa na virusi. Nyingine hutengeneza kingamwili zinazosambaa katika damu na kumganda adui. Mara ya kwanza kazi hii huchukua siku kadhaa. Vita vikiisha, hubaki chembe za kumbukumbu, na adui yule akirudi hukuta anajulikana. Chanjo hutegemea kumbukumbu hiyo.

Kwa hiyo tezi ikivimba na kuuma, ule uvimbe tunaouita mtoki, mara nyingi maana yake ni kwamba kituo kina kazi. Na pamoja na hilo huja homa. Chembe zilizo vitani hutoa ujumbe unaofika mpaka kwenye ubongo, na ubongo huamuru joto la mwili mzima lipande. Jeraha liko kidoleni, lakini kichwa kinauma, mgongo unauma, hamu ya chakula imeondoka na usingizi haupatikani. Mwili wote umekubali kusumbuka kwa ajili ya kidole kimoja.

Katika Suratul Muddathir, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba hakuna anayeyajua majeshi Yake isipokuwa Yeye. Aya ile imekuja pale walipotajwa Malaika walinzi wa Moto, wala sidai kwamba inazungumzia limfositi. Tusiilazimishe Qur'ani kuwa kitabu cha biolojia. Lakini mwanafunzi anayetazama kwenye hadubini akaona chembe zisizohesabika zikimlinda bila yeye kuziomba, halafu akaikumbuka aya hiyo, moyo wake hauwezi kubaki vile vile. Na katika Suratul Dhariyat, aya ya 21, tumeulizwa kama hatuzioni ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu.

Na mnaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwafananisha waumini, katika kupendana na kuhurumiana kwao, na mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiugua, mwili uliobaki hushirikiana nacho kwa kukesha na kwa homa. Nimeisikia hadithi hii tangu madrasa. Nimeitumia katika darsa zangu mbili au tatu. Siku ile, mbele ya askari wa getini, ndiyo mara ya kwanza iliponigeukia. Ndugu yetu alikuwa ameugua mwezi mzima, na sisi hatukukesha wala hatukupata homa.

Nilipanda ngazi nikagonga mlango wa Yusufu. Alifungua amejitanda skafu shingoni, na jua la Kampala mnalijua. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nilipomwomba aitoe skafu alisita, kisha akaitoa. Upande wa kushoto wa shingo kulikuwa na vinundu vitatu vilivyoshikana, kikubwa chao kama limau dogo. Nikamuuliza kama vinauma. Akasema haviumi, ila usiku hutoka jasho mpaka shuka linalowa.

Nikamwambia, "Kaka, kwa nini hukuniambia? Si unajua nasoma udaktari?"

Akanijibu kwa upole, "Wewe ulinitoa kwenye kundi."

Tulikaa kimya. Kisha akanieleza. Vinundu vilipoanza, mmoja wetu alimwona wakati wa udhu akasema kwa mzaha mbele ya wengine kwamba huyu bila shaka ana ule ugonjwa wa kisasa. Watu wakacheka. Mimi sikumbuki kama nilikuwepo, na kutokukumbuka huko hakunisafishi. Tangu hapo akaogopa mambo mawili, kupimwa na kuonekana. Aliniambia, "Nilijua nikikutwa nao mtasema, alikuwa akituadhinia alfajiri, kumbe usiku alikuwa wapi?"

Ndugu zangu, nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambako baadhi ya limfositi hupelekwa kufunzwa. Sehemu kubwa ya zinazoingia huko hazitoki. Zile zinazoonyesha tabia ya kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa kabla hazijaruhusiwa kwenda kazini, maana mlinzi anayewapiga watu wa nyumbani ni hatari kuliko adui wa nje. Mzaha ule ulitoka kwa mlinzi wa namna hiyo. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, Mola wetu ametukataza kudharauliana, kudhaniana vibaya na kusengenyana, kwa maneno makali ambayo kila mmoja wetu anayajua.

Kesho yake asubuhi tulipanda boda mpaka hospitali ya serikali. Mtaalamu alimpapasa shingo kwa utaratibu, akauliza maswali, akachukua majimaji ya tezi kwa sindano, akaagiza na picha ya kifua. Majibu yalipotoka yalikuwa kifua kikuu cha tezi. Wengi hudhani kifua kikuu ni cha mapafu tu, lakini hushika na sehemu nyingine, na tezi za shingo ni miongoni mwa zinazoshikwa sana. Bakteria hawa wana hila yao. Wakimezwa na chembe ya ulinzi hawafi upesi kama wengine, bali huweza kuishi ndani yake. Kituo kimemkamata mhalifu lakini kimeshindwa kumwua, ndiyo maana tezi huvimba polepole, bila maumivu makali, wiki baada ya wiki. Mlinzi naye hufika mahali akahitaji msaada.

Dawa zipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Ni miezi 6, miwili ya kwanza kwa dawa za aina nne na minne inayofuata kwa aina mbili. Siku ya kwanza Yusufu alishtuka mkojo ulipokuwa na rangi ya chungwa, nikamtuliza kwamba ndivyo moja ya dawa hizo inavyofanya. Mapafu yake yalikuwa salama, na kifua kikuu kilicho kwenye tezi peke yake hakiambukizi wanaokaa na mgonjwa. Hata chumba kimoja mngelala bila wasiwasi. Ama majibu ya vipimo vyake vingine, hayo ni siri yake na Mola wake. Na lau yangekuwa vyovyote yawavyo, haki yake kwetu ingekuwa ileile.

Wakati mtaalamu alipokuwa akimpapasa, nilisimama nyuma nikitazama. Pale chini ya shingo, upande wa kushoto, karibu na vinundu vile, ndipo mfereji mkuu wa limfu unapomwaga ulichokikusanya. Nikakumbuka Surat Qaf, aya ya 16, ambamo Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba Yeye yuko karibu zaidi na mja kuliko mshipa wa shingo yake. Nikajiambia kwamba mwezi mzima huu, usiku Yusufu alipokuwa akilowa jasho peke yake, Allah alikuwa karibu naye. Sisi ndio tuliokuwa mbali, na kati yetu palikuwa na ngazi mbili tu.

Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Katika baadhi ya mapokezi ni mwanamke mweusi. Mtume alimkosa, akamuulizia. Akaambiwa amekwisha kufa. Ilikuwa kana kwamba maswahaba waliliona jambo lake dogo, hawakutaka kumsumbua Mtume kwa ajili yake. Lakini yeye aliwalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamswalia.

Tulitafakari hilo. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa na wahyi unaoshuka, wajumbe wanaosubiri, vita na familia. Katika yote hayo, aligundua kwamba mfagiaji hayupo. Mimi nilikuwa na majina 14 na simu mkononi.

Watu huvuja katika kila jamaa, na si kila avujaye ni mpotevu. Huyu ameshindwa kulipa ada akaona haya. Yule amefiwa na baba. Dada mmoja ameacha kuja kwa sababu nguo zake zilisemwa. Mwingine kweli amepotelea kwenye kamari za mpira na anatamani arudi ila hajui aanze na neno gani. Jumuiya yetu ina moyo unaosukuma kwa nguvu, alhamdulillah. Tuna mihadhara, tuna futari, tuna mabango. Tulichokikosa muhula ule ni mishipa ya kurudisha. Na kama nilivyosema, limfu haina moyo wake. Haiendi kwa amri kutoka juu, huenda kwa sababu misuli iliyo jirani imejongea. Hapa misuli ni wewe unayelala chumba cha pili yake, unayekaa naye dawati moja, uliyewahi kula naye.

Tena mfumo huu una adabu. Kilichovuja hakikaripiwi kwa kuvuja. Hufunguliwa mlango, kikasindikizwa, na kama kimebeba uchafu husafishwa njiani, polepole, kabla ya kurudi kwenye damu. Ukimwendea ndugu, usianze na hesabu ya swala alizokosa. Anza na salamu na sahani ya chakula.

Nisimalize bila kuwaambia la mwili wenyewe, kwa kuwa nao ni amana na tutaulizwa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute dawa na akatujulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Kwa hiyo tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda au koo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo, au ikiendelea kukua, au ikiwa ngumu na haiumi, au ikiwa juu ya mfupa wa mtulinga, au ikija pamoja na jasho la usiku, homa isiyoisha, kikohozi au kupungua uzito, nenda hospitali. Usiikamue, usiende kuchanjwa, usimeze dawa za duka la jirani kwa kubahatisha.

Tena kuna wakati walinzi wenyewe huasi. Mwaka 1957 hapahapa Mulago daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe huo uliokuwa ukiwashika watoto wa nchi zetu. Leo tunajua ni saratani ya limfositi na inabeba jina lake. Hutibika kwa dawa, na mtoto anayewahishwa ana matumaini makubwa kuliko anayecheleweshwa. Kuchelewa kwa Yusufu kuliongezewa na woga wetu na ndimi zetu. Basi tusiwe sababu ya mtu kuogopa kupimwa.

Na tembeeni. Hatuswali kwa ajili ya limfu, tunaswali kwa ajili ya Allah. Lakini mwanafunzi anayekaa saa saba mbele ya kompyuta, akainuka akaenda kwa miguu mpaka msikitini, mwili wake nao hupata haki yake.

Yusufu alimaliza miezi yake 6. Kwa miezi hiyo tuligawana zamu ya kumkumbusha dawa, na wa kwanza kujiandikisha alikuwa yule aliyefanya mzaha. Alimwomba msamaha na akasamehewa. Mimi pia niliomba. Mzee wa getini tulimpelekea chai na mandazi, akacheka akasema sasa amestaafu kazi ya uuguzi. Ijumaa ya kwanza Yusufu aliporudi kutandika majamvi, alitukuta watatu tumeshafika.

Tangu muhula ule hakuna anayeondolewa kwenye kundi kabla mtu hajapanda ngazi na kugonga mlango wake. Ninawaomba nanyi, mtakapoufunga ukurasa huu, mfikirie jina moja la mtu ambaye hamjamwona siku nyingi. Msimtumie ujumbe. Nendeni.

Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa walinzi uliotuwekea ndani ya miili yetu na sisi tumelala. Waponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na waliojificha. Tusamehe tuliowasahau ndugu zetu, na wasamehe waliotusahau. Tujaalie tuwe mwili mmoja kama alivyotufundisha Mtume wako, kiungo kikiumia sote tuhisi. Warehemu wazazi wetu, walimu wetu na wote waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.